Kimya cha Wimbo wa Mwisho

Foleni ya soseji nyeusi katika soko la Tammela, mjini Tampere, haijui mkubwa wala mdogo. Jumamosi ile ya kiangazi Sirkka alisimama humo na sare yake ya dereva wa tramu, koti la buluu lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, skafu ya njano shingoni, tumbo likinguruma na muda wa mapumziko ukimwishia taratibu. Kitu kigumu kikamgonga kiunoni. Akasogea. Kikamfuata, kikamgonga tena.

Alipogeuka aliona ngoma. Ngoma pana, nyekundu, imechubuka ukingoni, na juu yake kichwa cha mwanamume mrefu mwenye nywele nyeupe zilizofungwa nyuma kwa kamba ya kiatu. Koti lake la ngozi lilikuwa limezeeka pamoja naye, likakunjamana palepale alipokunjamana yeye.

"Bwana," Sirkka akasema, "ngoma yako inanisalimia mgongoni. Nimeshaitikia. Iambie inatosha."

Yule mwanamume aliitazama ngoma kama mtu anavyomtazama mbwa wake aliyemwaibisha mbele za watu. Akaomba radhi. Alikuwa ameinunua sasa hivi kwa muuza vitu vikuukuu pale pembeni, na akiiweka chini watu wataigeuza jaa la maganda ya njegere.

"Anaipiga nani?"

"Mimi."

"Na gitaa?"

"Mimi."

"Na kuimba?"

"Mimi vilevile."

"Basi hata mkigombana mnagombana wewe na wewe."

"Kila siku," akajibu, uso mkavu. "Na kila siku nashindwa."

Sirkka akacheka, na ukimchekesha Sirkka umejitakia, maana kinachofuata ni kutegwa. Tangu utotoni hakuweza kusimama foleni bila kumtegea mtu kitendawili. Akamtegea: nimemeza mji mzima na sina mimba, natembea kutwa, sijawahi kupotea na sijawahi kufika. Yule mwanamume akafikiri mpaka foleni ikasogea na ngoma ikasahau kusogea.

"Ziwa," akasema.

"Ziwa linatembea?"

"Basi serikali."

Sirkka alilazimika kushika ukingo wa meza ya muuzaji. Akavuta mkono wa koti lake mwenyewe, akamwonyesha nembo. "Tramu, bwana. Unanitazama sare nzima halafu unanijibu serikali."

Zamu yake ilipofika, yule mwanamume aliagiza soseji, jemu nyekundu na maziwa, na sauti ile ikamfanya Sirkka ageuke ghafla. Ilikuwa sauti ya kokoto kwenye ndoo. Alipokuwa msichana alisimama kwenye mvua bustanini, viatu mkononi, akiisikia sauti hiyo ikitoka kwenye spika za bendi iliyoitwa Nyundo ya Mvuke. Huyu alikuwa Rauno Ahvenlampi. Lakini watu wa Tampere wakimwona mtu maarufu humwacha ale, kwa hiyo Sirkka akamwacha ale. Alimwambia tu kwamba amebakiza vitendawili viwili, na akishindwa vyote vitatu, sheria anaijua: anapelekwa Hymylä, kijiji cha wajinga, ambako uji unakorogwa kwa shoka na jua linabebwa ndani ya gunia.

"Nipe namba yako ya simu," Rauno akasema. "Sitaki kuhamishwa nikiwa na soseji mdomoni."

*

Viwili vile vilikuja kwa simu. Cha kwanza kilisema: shingo ndefu, tumbo tupu, akikunwa analia. Rauno akataja chupa, akataja mbuni, akataja shangazi yake wa Pori. Sirkka akamuuliza ameshika nini mkononi wakati huo.

"Gitaa," Rauno akasema. Kisha akalitazama. "Lo."

Cha pili kilisema: niliingia nimevaa na nimechoka, nikatoka uchi na ni mtu mpya. Hata mtoto wa chekechea angejibu sauna, chumba cha kuoga mvuke. Rauno akajibu hospitali.

"Funga mizigo," Sirkka akamwambia. "Unakwenda Hymylä."

"Huko kuna tramu?"

"Ipo. Inaendeshwa kinyumenyume."

"Basi niendeshee wewe, dhahabu yangu, nami nitakwenda."

Lile neno dhahabu lilimtoka kama mtu aliyejikwaa, na Sirkka akalishika hewani kabla halijaanguka. Alikuwa mjane wa miaka mingi, binti yake yuko nje ya nchi, na nyumbani kwake sauti iliyozungumza zaidi ilikuwa ya redio.

Nyumba ya Rauno ilikuwa ya mbao, juu ya kilima cha Pispala, ziwa huku na ziwa kule, na ngazi za kupanda mpaka moyo unaomba talaka. Chini ya nyumba, katika ghala la viazi alilolipigilia mablanketi ukutani, alikuwa anatengeneza albamu. Nyundo ya Mvuke ilikuwa imekwisha: wawili makaburini, mmoja amekuwa kiziwi na anafuga nyuki, mmoja hasemezani naye kwa sababu ya ugomvi ambao hakuna anayeukumbuka ulianzaje. Rauno alikuwa ameapa hatamwomba mtu tena. Ngoma atapiga yeye, besi yeye, gitaa yeye, kinanda yeye, sauti zote yeye. Akimaliza ngoma alihamia kwenye besi na kujifuata mwenyewe, kisha akahamia kwenye gitaa na kuwafuata wale wawili waliokuwa yeye.

Siku ya kwanza Sirkka kufika pale, akiwa na gauni la maua na mkate mtamu wa iliki uliokuwa bado na moto, Rauno alimkaribisha kahawa.

"Aa, si lazima," Sirkka akasema.

"Sawa," akasema Rauno, akairudisha birika jikoni.

Sasa hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Mama yake Sirkka alitoka Karelia, na kwa watu wa huko mgeni hakurupukii kikombe. Mara ya kwanza anasema si lazima. Mara ya pili anasema msijisumbue. Mara ya tatu ndiyo anasogeza kiti, na huo ndio ustaarabu. Lakini kwa watu wa Pispala, waliolelewa na kengele ya kiwanda, ukisema hapana ni hapana, na kikombe kinaondoka. Sirkka alikaa mchana kutwa akinusa kahawa ambayo hakunywa. Akacheka peke yake kwenye tramu akirudi, na tangu siku hiyo akawa anabeba chupa yake ya chai.

Kicheko hakikudumu. Kuna jambo gani linalochosha kama kumpenda mtu anayefanya kila kitu peke yake? Sirkka akipiga simu, simu imezimwa kwa sababu maikrofoni imewashwa. Akipika samaki kwa maziwa na viazi, samaki analala, viazi vinapoa, Rauno yuko ghalani anarudia mdundo uleule ambao mara ya kwanza ulikuwa mzuri. Akiwasha sauna, mawe yanachemka mpaka yanakata tamaa. Halafu mlango unafunguliwa, Rauno anaingia na nywele zimesimama, anambusu kwenye paji la uso na kuuliza kama kuna chochote cha kula.

"Kuna," anasema Sirkka. "Kilikuwa chakula, sasa ni kumbukumbu."

"Nisamehe, dhahabu yangu. Mpiga besi alichelewa."

"Mpiga besi ni wewe."

"Ndiyo maana sikuweza kumfukuza."

Alimchekesha, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Kila akijaribu kushika waya wa spika, kubeba kinanda, hata kufuta vumbi kwenye ngoma, Rauno alimwambia aache, atafanya mwenyewe. Sirkka hakutaka umaarufu. Alitaka kujua jambo moja tu: kama maisha ya mtu huyu yana kiti cha pili, au yeye atakuwa mgeni pale mpaka mwisho, na chupa yake ya chai mkobani.

*

Siku moja mwisho wa kiangazi, majani ya kwanza yakianza kugeuka rangi, Rauno alimwita ghalani mwenyewe. Akamketisha juu ya sanduku la viazi, akampigia wimbo wa mwisho. Ulikuwa wimbo wa mtu anayepandisha meza kwenye ngazi za Pispala peke yake. Anapumzika, anainua, anapumzika. Ulikuwa mzuri mpaka Sirkka akasikia magoti yake mwenyewe yakiuma. Karibu na mwisho Rauno akazuia nyuzi kwa kiganja.

"Hapa anatokea mtu nyuma yake," akasema. "Anauliza, 'Nishike upande gani?' Panahitaji sauti nyingine." Akakwaruza ukucha kwenye gitaa, hatazami juu. "Ungependa kuimba wewe?"

Moyo wa Sirkka uliruka kama samaki. Alikuwa ameimba kwaya miaka mingi, na kwenye kibanda chake cha dereva alikuwa anaimba kituo hadi kituo. Alitaka kusema ndiyo kwa nguvu zote. Mdomo wake, uliolelewa vizuri, ukasema:

"Aa, si lazima. Mimi ni dereva wa tramu tu."

"Sawa," akasema Rauno, akainama kukunja waya.

Sirkka akangoja. Akangoja waya ukikunjwa, akangoja gitaa likipanguswa. Wakapanda juu, wakala mkate, akangoja. Rauno akazungumzia paa linalovuja. Alipofika mlangoni Sirkka alifunga vifungo vya koti polepole sana, kimoja kimoja, akimpa mtu huyu kila nafasi. Rauno akamfungulia mlango na kumwambia ngazi zinateleza.

Akashuka ngazi zote akizungumza peke yake. Mtu anauliza mara moja tu, kama karani wa benki! Kumbe hakutaka. Aliuliza ili aonekane ameuliza.

Kuanzia hapo simu zao zikawa fupi. Rauno alisema albamu iko karibu, Sirkka akasema vizuri. Rauno alisema imekwenda kiwandani kuchapwa, Sirkka akasema vizuri. Kitendawili hakikutegwa tena, na Rauno, asiyejua kutegua hata kimoja, hakujua ategue nini hapo.

*

Vuli ilipoingia, duka la santuri la mjini liliandaa mkutano wa kuisikiliza albamu mpya, Jumamosi mchana. Rauno alimpigia simu akamwomba aje. Akamwambia asikilize wimbo wa mwisho mpaka mwisho, kuna kitu chake humo.

Basi tumaini ni mjinga anayefufuka. Sirkka alivaa gauni la sufu la kijani, bruchi ya kaharabu ya mama yake kifuani, buti mpya zilizombana kidole. Alikwenda akijiambia kwamba huenda siku moja akiimba jikoni Rauno alimrekodi bila kumwambia. Wasanii wana mambo.

Duka lilijaa wanaume wenye vipara na fulana za Nyundo ya Mvuke zilizogoma kufunika matumbo. Juu ya meza kulikuwa na santuri zenyewe. Kwenye jalada alikuwa Rauno juu ya kilima, ngoma nyekundu mgongoni kama gamba la kobe. Chini yake maneno: ala zote na sauti zote, Rauno Ahvenlampi. Sirkka akayasoma, kisha akayasoma tena, kama yatabadilika.

Nyimbo zikapita. Watu walitikisa vichwa kwa furaha yao ya kimyakimya, na mmoja alipangusa macho akasingizia mafua. Ukaja wimbo wa meza. Mtu akapanda ngazi, akapumzika, akainua. Pakafika pale mahali. Ngoma ikanyamaza. Besi ikanyamaza. Gitaa likanyamaza. Hakukuwa na kitu, hata pumzi. Mwanamume mmoja aliyekuwa karibu na mashine akanyoosha mkono kuangalia kama sindano imekwama. Kisha gitaa likarudi, na yule mtu wa kwenye wimbo akaendelea kupanda na meza yake, peke yake, mpaka juu.

Sirkka akahisi damu ikimpanda masikioni. Yaani afadhali kimya kuliko yeye. Amekichimbia kaburi kile kipande, na amemwalika aje kulitazama amevaa kaharabu.

Akatoka wakati watu wanapiga makofi. Alikuwa amefika kwenye daraja la mjini, upepo wa maporomoko ya maji ukimrushia manyunyu usoni, simu ikaita.

"Umekwenda wapi?" Rauno akauliza. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu. "Uliusikia?"

"Nimeusikia. Hongera. Albamu nzuri, umejaa humo wewe mpaka hakuna pa kuweka kikombe."

"Na wimbo wa mwisho?"

"Nimesikia shimo."

"Shimo," Rauno akarudia.

"Ndiyo, shimo. Kama hukunitaka, ungeimba mwenyewe. Si unafanya kila kitu mwenyewe? Ulishindwa kujiuliza mwenyewe ushike upande gani?"

Hapo ndipo mtu mwenye ulimi angeutumia. Rauno alikuwa na ulimi wa nyimbo, wa simu hakuwa nao. Alinyamaza. Sirkka alisikia kunyamaza kwake, akakuhesabu kuwa ni kukubali, akakata simu. Rauno akapiga tena. Sirkka akaitia simu chini kabisa ya mkoba, pale kwenye chupa ya chai.

*

Wiki zikapita za kuudhi. Sirkka akikasirika alimpigia ili amwambie vizuri jinsi alivyokasirika, na simu imezimwa. Rauno akipiga, Sirkka yuko kwenye usukani. Mara moja alimwona kituoni, kofia ya sufu masikioni, mkono nusu umeinuliwa. Alifungua milango, akafunga milango, akaondoka, na kwa hasira alitangaza jina la kituo kinachofuata mara mbili.

Dada yake Vieno ndiye aliyemvunja. Walikuwa kwa Vieno, theluji ya kwanza dirishani, na Sirkka alikuwa ameshasema msijisumbue na sasa yuko kwenye kikombe chake. Akasimulia kila kitu tangu sanduku la viazi. Vieno alikuwa mkubwa wake, mwenye sauti ya mwalimu mkuu ingawa maisha yake yote aliuza vitambaa.

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja. Hebu fikiria."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Nikasema si lazima. Ningesemaje?"

Vieno akaweka kijiko chini. Akauliza huyu bwana ni mtu wa wapi. Sirkka akasema Pispala, tangu babu yake.

"Masikini," Vieno akasema, na ilikuwa dhahiri hamzungumzii mdogo wake. "Sirkka, uliambiwa njoo ukasema sitaki. Halafu ukavaa bruchi ya mama ukaenda kulia kwa nini hukuwekwa. Ulitaka afanye nini, aitie sauti yako kwa nguvu?"

"Ningekuwa mimi ningeuliza tena."

"Wewe ndiyo. Yeye alikuamini."

Sirkka hakumaliza kahawa. Neno lile lilikaa naye njiani kama kokoto kwenye buti. Lakini kokoto moja haitoshi kumfanya mwanamke ampigie simu mwanamume aliyemnyamazia darajani. Na kile kimya? Kama alimwamini, kwa nini aache shimo watu walidhanie mkwaruzo?

*

Tramu ya Tampere haigeuki. Ikifika mwisho wa njia kule Hervanta, kwenye misonobari, dereva huchukua mkoba wake, hufunga kibanda cha mbele, hutembea ndani ya tramu nzima mpaka kibanda cha nyuma, na nyuma inakuwa mbele. Hakuna njia nyingine. Abiria yeyote aliyebaki kitini atapitiwa na dereva, apende asipende.

Rauno alikuwa amebaki kitini. Koti la ngozi, kofia ya sufu, magoti pamoja kama mtoto anayesubiri kung'olewa jino. Kina mama wawili wenye mifuko ya sokoni walikuwa wameshapanda, wamekaa karibu, na wanatazama dirishani kwa ule utulivu wa watu wanaosikiliza kila kitu.

"Mwisho wa njia," Sirkka akamwambia. "Abiria wote wanashuka."

"Kitendawili," Rauno akasema.

Sirkka hakuwa amejiandaa kwa silaha hiyo. Kwa mazoea ya maisha yote akajibu, "Tega," kabla hasira haijamziba mdomo.

Rauno akanyoosha mgongo. Alionekana amekifanyia mazoezi. "Nimejenga nyumba peke yangu. Kila ubao nimeukata mimi, kila msumari nimeupiga mimi. Kuna mahali pamoja tu sikugusa. Nani anijibie ni nini?"

"Dirisha," Sirkka akasema upesi. "Rahisi sana. Nina dakika chache, Rauno."

"Siyo."

"Mlango, basi."

"Siyo."

"Bomba la moshi. Haya, siyo. Nimeshindwa, nakwenda Hymylä, niambie."

"Ni nafasi yako." Alivua kofia, akaikunja. "Ulikataa. Nikajaribu kuimba mimi pale, kwa sauti nyembamba. Ikawa uongo. Nikajaribu kuweka kinanda, nao uongo. Albamu nzima nimepiga mimi, Sirkka. Pale peke yake sikupiga, kwa sababu pale si pangu. Kiwandani waliniuliza kama ni hitilafu. Nikawaambia hapana, kuna mtu wake."

Mama mmoja mwenye mfuko akaacha kujifanya anatazama dirishani.

Sirkka akakaa kwenye kiti cha mbele yake, mkoba magotini. Alikuwa anataka kulia na kumpiga na kofia yake mwenyewe. "Mbona hukusema haya darajani?"

"Uliita shimo. Sikujua niseme nini."

"Ungesema si shimo."

"Ndiyo," Rauno akakubali kwa huzuni. "Hilo nilikuja kulifikiria baadaye." Akainua macho. "Kuna onyesho Desemba, ukumbi wa Pispala, Jumapili mchana. Kwenye onyesho siwezi kusimama na kimya watu wakidhani nimesahau. Utaimba pale?"

"Aa, si lazima," Sirkka akasema.

Alijisikia akisema. Alitamani kuukamata mdomo wake kwa mikono yote miwili. Na Rauno, Mungu ampe nini, tayari alikuwa anavaa kofia.

"Sawa," akasema, akasimama.

"Rauno, kaa chini."

Akakaa.

"Niulize tena."

"Umesema si lazima."

"Najua nilichosema. Kwetu jibu la kwanza ni la adabu. La pili ni la haya. La tatu ndilo la mtu mwenyewe. Ile kahawa yako ya kwanza niliitaka mpaka leo naisikia puani."

Rauno alimtazama, na usoni mwake mambo mengi ya kiangazi chote yakaanza kupangika upya. Mwishowe akasema polepole, "Ile mikate ya iliki. Nilipokupa kipande cha mwisho ukasema kula wewe."

"Nilikitaka."

"Na ule mkufu niliotaka kukununulia soko la Tammela?"

"Niliutaka pia. Uliza, tramu inaondoka."

"Utaimba?"

"Usijisumbue, kuna waimbaji wengi."

Taya la Rauno likakakamaa. Ungeona alivyoteseka, mtu wa Pispala kuuliza jambo lililokataliwa mara mbili ni kama kumvua suruali hadharani. Wale kina mama wawili wakainama mbele kwa pamoja.

"Sirkka. Utaimba?"

"Nitaimba," Sirkka akasema. "Nilikuwa nimeshajifunza mistari yote. Sasa nipishe, nimechelewa."

Akatembea mpaka kibanda cha nyuma kilichokuwa sasa cha mbele, na njia yote ya kurudi mjini hakutangaza kituo hata kimoja kwa hasira.

*

Ukumbi wa mbao ulijaa, makoti yananuka theluji, jua limeshazama ingawa ilikuwa bado mchana, kama desturi ya Desemba ya huko. Rauno alikaa jukwaani peke yake, gitaa mapajani, mguu mmoja kwenye kanyagio la ngoma nyekundu. Sirkka alisimama nyuma ya pazia na gauni lake la kijani, mikono baridi. Wimbo wa meza ukaanza. Mtu akapanda ngazi, akapumzika, akainua. Ngoma ikanyamaza, gitaa likanyamaza, na watu waliokuwa na santuri nyumbani wakajiandaa kwa kile kimya.

Akatoka, akaimba: nishike upande gani?

Hakuimba vizuri sana. Alianza chini kidogo na akapanda akitafuta. Rauno alipaswa kuingia mara moja na gitaa, lakini hakuingia. Alikuwa amemgeukia na amesahau mikono yake iko wapi. Ilibidi Sirkka aimbe mstari ule tena, na ndipo akaamka.

Baadaye, watu walipokwisha kuwapongeza kwa maneno machache ya kwao, wakaanza kuiteremsha ngoma nyumbani, kwani ukumbi ulikuwa kileleni, juu kuliko nyumba ya Rauno. Ngazi za Pispala zilikuwa barafu tupu. Rauno akaikumbatia ngoma yote kifuani kama kawaida, akatanguliza mguu, akateleza, akasimama. Akageuka.

"Shika huku," akasema.

Sirkka akashika ukingo uliochubuka, yeye juu, Rauno chini, wakateremka kidogo kidogo wakigombana nani aanze na mguu gani. Katikati ya ngazi Rauno akasimama.

"Sirkka, utaolewa na mimi?"

"Ndiyo," Sirkka akasema.

Rauno akaitikia kwa kichwa, kwa uangalifu, kama mtu anayehesabu mapigo kabla ya kuanza. "Sirkka, utaolewa na mimi?"

"Nimesema ndiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia. Hiyo ni ya adabu."

"Si ya adabu, ni yangu. Rauno, vidole vinaganda, ngoma nzito, na chini kuna watu wanataka kupanda."

"Bado moja," akasema Rauno, hakusogea hata hatua. Pumzi yake ilipanda nyeupe kati yao juu ya ngoma. "Sirkka. Utaolewa na mimi?"

Sirkka aliangalia juu, akaangalia ziwa lililoganda huku na ziwa lililoganda kule, kana kwamba kuna mtu wa kumsaidia.

"Ndiyo, mtu wa Hymylä," akasema. "Shuka ngazi."